Maji ya Kunywesha Saruji

Mahali pengine watu wakisikia harufu ya udongo uliolowa husema mvua imenyesha. Kwetu Makote, nje kidogo ya mji wa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, harufu hiyo ikipita mwezi wa saba maana yake ilikuwa nyingine kabisa: kuna mwanamke anakandika nyumba yake, na maji ya kunywa ya nyumba ile yamekwenda ukutani. Mpita njia alivuta pumzi, akapunguza mwendo, akasema, "Mama Somoe, leo mmeamua." Ndani ya maneno hayo mlikuwa na pongezi, na wivu kidogo, na pengine lawama. Somoe ndiye mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi katika kiangazi ninachotaka kukisimulia, na mpaka leo harufu ile ikinifikia, hata iwe ya mvua ya kweli, hainifurahishi kama inavyowafurahisha wenzangu. Huwa nafunga dirisha.

Kiangazi kwetu hakikuwa wakati wa kupumzika. Mvua ilipokoma, mbaazi zikiwa bado shambani na mikorosho ikijiandaa kuchanua, nyumba ndiyo iliyogeuka kuwa shamba. Masika yalikuwa yameiachia madonda: ukuta wa upande wa mvua umemomonyoka mpaka fito zinachungulia nje, mchwa wamepanda nguzo ya pembeni, nyasi za paa zimekuwa nyeusi na kuoza, na baraza imechimbika pale mbuzi walipojikinga. Yote hayo yalitakiwa kutengenezwa kabla korosho hazijaanza kuanguka, maana zikianza hakuna mwenye mikono ya ziada. Wanaume walikata fito na nyasi. Wanawake walichimba udongo mwekundu, wakauponda, wakaukanyaga mpaka ukalainika, wakautandaza ukutani kwa viganja. Mama yangu alikuwa na kiganja kizuri. Ukuta aliomaliza ulionekana kama umepigwa pasi, na alikuwa na desturi ya kurudi nyuma kidogo, ameshika kiuno, kuuangalia. "Haya," alisema peke yake, "angalau tunafanana na watu." Halafu aliingia ndani kutafuta cha kupika, ming'oko, vile viazi vya porini, au muhogo, kadiri siku ilivyojaalia.

Mchezo mzima ulikuwa maji. Anayeijua Newala anajua. Maji yalikuwa chini bondeni, upande wa Ruvuma, na sisi tuko juu. Unashuka alfajiri ndoo tupu ikikugonga goti, unapanga foleni kwenye chemchemi, unapanda jua likiwa limeanza kuchoma. Bomba la kijiji lilikuwepo, lakini miaka ile lilitoa upepo kuliko maji, na sisi watoto tuliweka sikio mdomoni mwake kulisikiliza likikoroma. Kwa hiyo maji ya nyumbani kwetu hayakuruhusiwa kufanya kazi moja yakaisha. Yalikosha kunde, halafu yakaosha sahani, halafu yakanawisha miguu yetu juu ya beseni, na hata ya baba ya udhu yalikingwa. Yakishakuwa mazito na ya kijivu, ndipo yalipotiwa kwenye udongo wa kukandikia. Waliosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga hawakuwahi kukaa Makote. Kwetu ungeyavulia nguo, ukayaangalia, ukavaa tena ukaenda zako.

Kiangazi kile mama alikuwa na mimba changa. Baada yangu alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili, wote kabla hawajatimia, na wanawake wa pale walisema wale watoto walibaki mteremkoni, maana mimba zote mbili ziliharibika mama akitoka kuteka maji. Safari hii muuguzi wa zahanati hakuzunguka. Alimwambia mbele ya baba, nami nimeshika upindo wa khanga ya mama, kwamba huyu akitakiwa azaliwe, ndoo ishuke kichwani tangu leo. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Njiani kurudi alisema mke wake hatashuka tena bondeni, maji yatamfuata mlangoni. Mama akacheka, si kwa kebehi, akamuuliza maji yameota miguu lini. Baba akajibu kwamba yatatoka juu. Kumbe alikuwa ameshaamua: ataezeka nyumba kwa bati, na pembeni yake atachimba kisima cha saruji cha kukingia mvua, ili maji ya masika yangoje pale hadi masika mengine.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kama watu walivyoiita. Wakubwa walikumbuka wakati bati lilipatikana kwa kibali na saruji kwa kujuana. Sasa maduka ya Masasi yalipanga mabati mlangoni, yanameta mpaka yanaumiza macho, na mwenye chake alinunua. Wanunuzi wa korosho nao walianza kupanda wenyewe na malori yao, si ushirika peke yake kama zamani, na msimu uliotangulia baba aliuza vizuri. Wengine walinunua redio, wengine baiskeli, wapo waliooa mke wa pili wakajuta kabla ya Ramadhani. Baba alinunua bati na saruji. Vilipofika na lori kutoka Masasi, watoto wa kijiji kizima walikuja kuligusa bati kwa vidole, na mimi nilisimama pembeni nikijifanya nimezoea. Mama alikuwa akipitapita kati ya mlango na ule mzigo bila kazi yoyote, na nilijua ana furaha kwa sababu aliacha kunikaripia.

Palikuwa na mtu mmoja wa kuendewa taratibu, mjomba Issa, kaka yake mama. Kwetu watoto ni wa upande wa mama. Nyumba tuliyokaa ilisimama kwenye ardhi ya kina mama, na baba, pamoja na heshima zake zote, alikuwa amehamia ukweni. Mwenye kauli juu ya dada na watoto wa dada ni mjomba. Kila kiangazi mjomba Issa alikuja na mizigo ya nyasi, akapanda mwenyewe juu ya paa la dada yake, akashuka jioni amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akala ugali wa muhogo na kisamvu, akaenda zake akiwa ametimiza ukaka wake. Mwaka ule alikuta bati. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akamwambia baba, kwa upole wa mtu aliyeudhika, kwamba chini ya bati dada yake ataiva kama ndizi. Baba akamweleza habari ya muuguzi na habari ya kisima. Mjomba akauliza shimo litakuwa wapi, akavua shati. Alichimba kuliko baba, na kwa hilo nilimpenda zaidi ya nilivyompenda kwa pipi zake.

Fundi alitoka Masasi. Aliitwa Mussa, kijana mchangamfu aliyepiga mluzi tangu asubuhi hadi jioni. Kwao, chini ya majabali ya Masasi, maji hayakuwa mbali sana, naye aliyatumia kama mtu ambaye hajawahi kuyabeba. Alisema "leteni maji" kama unavyosema leteni kiti. Bati lilipandishwa, likafungwa mfereji pembeni, na shimo likaanza kujengewa. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba saruji ina kiu, tena ina maringo. Mama alipomletea fundi beseni la maji yetu ya kijivu, yaliyokwisha kuosha kunde na vyombo na nyuso, fundi aliyatazama akacheka. Alisema maji yenye mafuta na sabuni yataiharibu kazi, anataka safi, yale ya kunywa. Udongo wetu haukuwahi kuchagua maji. Mama aliliondoa beseni akaleta ndoo ya maji ya kunywa, na jioni ile sote tulikunywa nusu kikombe.

Kazi ilipokwisha, kisima kilikuwa cha kupendeza. Kilikuwa cha mviringo, kuta zake laini na za kijivu, na ukisema neno ndani yake lilikurudia. Fundi Mussa alikusanya mwiko na timazi yake, akamwambia baba kwamba sasa kazi ni ya mwenye nyumba: saruji inyweshwe. Asubuhi na jioni kuta zimwagiwe maji na zifunikwe magunia yaliyolowa, mpaka mwezi mwingine uandame. Ikikaushwa upesi na jua hili, itapasuka. Aliyasema hayo huku akipanda lori, na baba akayarudia kwa sauti ili asisahau. Halafu lori likaondoka na mluzi wake.

Sasa fikiri. Watu wanaokunywa maji kwa kupimiana wameambiwa wayamwage juu ya kitu kilichokwisha kuwa kigumu, kitu ambacho ukikigonga kinalia kama jiwe. Majirani walikuja kutazama wakatikisa vichwa. Bibi mmoja aliuliza kama hilo jiwe litahitaji na uji. Baba alivumilia dhihaka. Alishuka bondeni na baiskeli yake ya zamani kila alasiri akitoka kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, akaisukuma ikiwa na madumu hadi juu, akiwa bado ana unga wa njano masikioni. Mimi nilishuka alfajiri kabla ya shule na ndoo yangu ndogo. Maji ya sisi wawili hayakutosha kunywa, kupika na kunywesha kuta. Siku zilivyokwenda, magunia yalianza kukauka mchana, na mama alikuwa akiyashikashika kila saa kama anavyoshikwa paji la uso mtu mwenye homa. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta yamelowa chepechepe. Nilimuuliza. Alikaa kwenye kinu, akanivuta karibu. "Usimwambie baba yako," alisema. "Hiki kisima ni cha mtoto. Nikikiacha na kiu nitakuwa nimemfanyia nini?" Alikuwa ameshuka bondeni mwenyewe baada ya sisi kuondoka, na akaendelea kushuka.

Nilikaa na siri hiyo vibaya. Kila nikimwona amejishika mgongo, nilitoka nje. Lakini siri za mteremko hazikai, maana njia ni moja. Mjomba Issa alikuwa akipanda kutoka kwenye shamba lake la bondeni akamkuta dada yake amekaa juu ya jiwe, ndoo pembeni, anahema. Aliibeba ndoo kichwani mwenyewe, mwanaume mzima na jembe lake mkononi, akapita nayo katikati ya kijiji huku wanawake wakigeuza nyuso wasicheke, akaja kuitua mbele ya baba. "Shemeji," alisema, "umeoa dada yangu au umenunua punda?" Baba alikuwa hajui lolote. Akamtazama mama aliyekuwa akija nyuma, akaitazama ndoo, na uso wake ukabadilika. Mjomba akaendelea, sauti sasa ikiwa chini, akauliza haya maji ni ya mtoto au ni ya shimo.

Mwezi ulikuwa haujafika hata nusu. Baba alikwenda kwenye kisima, akainama, akapiga ukuta kwa ngumi. Ukalia vizuri. "Imeshika," alisema. Mjomba naye akapiga kwa mpini wa jembe, akasema kweli imeshika. Mama alikuja wa mwisho. Aliweka kiganja chake, kile kile kilichojua kuta, akakipitisha polepole huku na huku, halafu akasema, "Ee, imeshika." Wote watatu walitaka iwe imeshika. Magunia yakaondolewa yakaanikwa, maji ya ndoo ile yakapikiwa mbaazi, na mama akaambiwa akae kitako, naye akakaa. Nimewahi kuwasimulia watu kisa hiki, na huwa wanatafuta wa kumlaumu. Mimi nilikuwepo, sikumwona mwenye ubaya. Nyumbani kwetu kumwaga maji ndiko kulikokuwa dhambi, na kumhurumia mwenye mimba ndiko kulikokuwa wema, na siku ile kuepuka dhambi na kutenda wema vilikuwa vimeelekea upande mmoja.

Mvua ya kwanza ilikuja jioni, korosho zikiwa zimekwisha kuokotwa. Hatukuwahi kuisikia mvua juu ya bati letu wenyewe. Ilikuwa kelele ya kutisha na tuliipenda. Baba alisimama nje analowa, anaufuatilia mfereji kwa macho, na maji yalipoanza kuingia kisimani, kwanza kwa aibu kisha kwa kishindo, alipiga kofi moja akaangalia kama kuna aliyemwona. Asubuhi kisima kilikuwa na maji mpaka kiunoni kwa mtu mzima. Mama aliteka kikombe akanywa, akanipa. Yalikuwa na ladha ya vumbi na bati jipya. Halafu akateka ndoo nzima, akafua khanga zake, akazisuuza mara mbili, na maji akayamwaga chini, hivi hivi, mchangani. Nilishtuka kama niliyemwona anavunja sahani. Aliniangalia akacheka mpaka akashika tumbo, lililokuwa limekwisha kuonekana.

Siku zilizofuata maji yalipungua bila mtu kuteka. Kwanza tulisema ni jua. Baba akatumbukiza mwanzi aliouwekea alama, akaufunika mdomo wa kisima kwa makuti, akakataza mtu kusogea, na bado alama ilishuka. Mvua ikinyesha kinajaa, mvua ikiacha kinakwisha, na mchanga wa uwanda wetu ni mchanga ambao hata ukiupa mto utaumeza. Kisima kilipokauka tukaziona nyufa. Zilikuwa nyembamba sana, unaweza kuzipita kwa jicho usizione, lakini zilizunguka ukuta mzima. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba. Tuliziba kwa saruji iliyobaki, ukapasuka pembeni yake. Tukaziba kwa udongo, ukayeyuka. Mtu aliyetoka Masasi akaleta salamu za fundi Mussa: ilikatiwa maji mapema, haikushiba. Baba aliposikia hivyo alikaa barazani, akaomba aletewe kiko chake, na hakukiwasha. Mjomba Issa alipoambiwa aliuliza mara mbili, kama hakusikia, halafu akaaga kabla chakula hakijaiva.

Wakati mvua zikiendelea tulijikimu, tulikinga kwa sufuria na beseni chini ya bati. Mwezi wa pili mvua ikakata, kama inavyofanya miaka mingine, jua likarudi katikati ya masika na mahindi yakaanza kujikunja. Mimba ya mama ilikuwa imepita pale zilipoishia zile mbili za nyuma. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, lakini nilimwona baba akihesabu miezi kwa vidole akidhani yuko peke yake. Alijaza madumu yote, akayapanga ndani, akapanda lori kwenda Masasi kumfuata fundi na saruji nyingine, kwa ahadi kwamba kesho yake atarudi. Usiku ule mimi nikashikwa na homa kali. Sikumbuki mengi. Nakumbuka kitambaa cha maji usoni, kinaondolewa, kinarudishwa, na kifua changu kinapanguswa, na kila nikiomba maji nayapata. Kulipokucha madumu yalikuwa matupu.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mgeni hawezi kukielewa. Kwetu mtu aliomba chumvi, aliomba moto, aliomba hata unga akasaidiwa bila maneno. Maji hakuomba. Kumwomba mtu maji ilikuwa kumwomba miguu yake na mgongo wake, na hata mama Hadija wa nyumba ya pili, aliyekuwa zaidi ya ndugu, mama asingeweza kumtamkia. Alinifunika, akaniwekea kikombe tupu kichwani pangu kama ahadi, akasema anakwenda kuchukua nusu ndoo tu na atatembea polepole. Nilimjibu ndiyo, au nilidhani nimemjibu. Nilisikia ndoo ikigonga mlango.

Yaliyobaki nilisimuliwa na mama Hadija nilipokuwa mkubwa. Mama alijaza nusu kama alivyosema. Alipanda akipumzika. Uchungu ulimshika kwenye kona ya mwisho, pale unapoanza kuiona mikorosho ya juu, na wanawake waliokuwa njiani, mama Hadija akiwa mmoja wao, wakamzungushia khanga zao, na mtoto akazaliwa pale pale, wa kiume, kabla ya siku zake. Alilia. Mama Hadija alisisitiza jambo hilo kila aliposimulia, na wenzake wote walikubaliana naye: alilia, sauti ndogo lakini sauti. Walimfunga kifuani kwa mama, wakampandisha mama huku wamemshika huku na huku, na mtoto akafika nyumbani yu hai. Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa amekwisha kunyamaza. Mtoto aliyelia ni mtu. Anapewa jina, anaoshwa, anasaliwa, anazikwa. Mjomba Issa aliitwa, akampa jina la babu yao, Mfaume, na alipolitaja sauti ilimkatika ikabidi alirudie.

Msiba hauombi. Maji ambayo mama asingeweza kuyaomba yalikuja yenyewe, kutoka kila mlango: kibuyu, sufuria iliyofunikwa sahani, dumu la mafuta, ndoo. Sijawahi kuona maji mengi kiasi kile uani kwetu. Nilikuwa nimelala karibu na ukuta, sioni ila miguu ya wanawake, na homa inaniletea sauti kutoka mbali. Nilimsikia mwanamke mwosha akisema maji yapo tele, alhamdulillahi, waanze. Kisha nikamsikia mama kutoka kwenye mkeka wake. "Mwosheni kwa maji yangu," alisema. Walimjibu kwa huruma kwamba asijisumbue, haya ya majirani yanatosha na kubaki. Akarudia maneno yale yale, wala hakupandisha sauti. Mama Hadija, aliyeibeba ile ndoo ya nusu kutoka mteremkoni, akaileta. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni kidogo kidogo, na mwosha akisema bismillahi.

Baba alifika jioni na fundi Mussa. Aliwaona watu wamekaa nje, akasimama barabarani na mfuko wa saruji begani, na hakuushusha mpaka mjomba Issa alipokwenda kumtua. Nilikuwa nimetolewa kuketi barazani, nikawasikia. "Shemeji, mimi ndiye niliyeleta maneno," alisema mjomba. Baba akajibu, "Tulisema wote." Hawakuzungumza tena juu ya hilo, mimi nikiwa nasikia, hadi kufa kwao. Kiangazi kilichofuata kisima kilipigwa plasta upya, na mjomba alikuja kukaa kwetu. Alishuka na kupanda na ndoo kichwani, asubuhi na jioni, akakinywesha hadi mwezi ulipoandama na siku kadhaa zaidi, na hapakuwa na mwanamke aliyemcheka. Kisima kilishika. Kipo hadi leo na wanateka. Mama hakupata mtoto mwingine.

Siku hizi ninakaa Masasi, kwenye nyumba ya matofali ambayo haihitaji kiganja cha mtu. Kiangazi kikifika napiga simu, anakuja kijana na ndoo ya rangi, siku mbili amemaliza, na mimi sijachafua hata ukucha. Newala nako mabomba yamefika sehemu nyingi, yana siku zake na mgao wake, na matangi ya plastiki yamesimama kwenye kila kona. Maji yakikatika bodaboda analeta dumu mlangoni huku redio inapiga. Wapo wanaosema zamani kulikuwa kuzuri, watu walipendana. Waseme. Kupendana kulikuwepo, nimekuona kwa macho yangu, na nimeona kulikofikia. Wajukuu wa mama wanaacha bomba linatiririka huku wanapiga mswaki na kuimba, mimi napiga kelele, nao wananiita bahili. Namshukuru Mungu kwamba hawaelewi, halafu nakwenda kulifunga mwenyewe.

Mama hawakemei. Ni mzee sasa, anakaa nami, macho yamepungua lakini akili iko timamu. Mwaka huu, tukiwa tunachambua mbaazi, watoto wako shule na nyumba imetulia, nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: siku ile uani palijaa maji ya watu, kwa nini alitaka mtoto aoshwe kwa yale yake? Hakushangaa, utafikiri swali lilikuwa la jana.

"Yale tuliyateka wawili, mimi na yeye," alisema. "Akaogea yake. Yaliyobaki ukanywa wewe."